Vitabu vya ubatizo vya Waakadia

Taifa likitawanywa, watoto watajua babu zao namna gani? Tutazame Waakadia, Wafaransa Wakatoliki waliolima kando ya bahari katika inchi inayoitwa leo Nova Scotia, huko Kanada.

Tarehe 5 Septemba 1755, koloneli Mwingereza John Winslow aliita wanaume na vijana katika kanisa la Grand-Pré. Waliingia watu 418. Akawasomea amri: mashamba na mifugo yao inanyang'anywa, na wao watahamishwa. Merikebu zikawatawanya.

Sisi tunaowatafuta leo tunafuata njia mbili. Ya kwanza ni vitabu vya parokia. Wahamishwa wa Grand-Pré walichukua vitabu vyao vya ubatizo, ndoa na maziko, vikafika hata Louisiana. Vile vya miaka 1707 mpaka 1748 vinatunzwa katika diosezi ya Baton Rouge.

Ya pili ni kiapo. Mwaka 1765 jamaa 78 zilipewa mashamba katika kisiwa Belle-Île, Ufaransa. Vitabu vyao vilikuwa vimepotea. Basi, mwaka 1767, wakubwa wa jamaa waliapa mbele ya mapadri, wakataja wazazi, babu, na mahali kila mmoja alipozaliwa au alipokufa.

Wandugu, kiapo kilitegemea kumbukumbu ya wazee. Kitabu kiliandikwa siku ile ile ya Sakramenti. Padri wa Grand-Pré hakujua nani atakisoma. Nasi tunaoandika majina parokiani, tusiandike kwa haraka.