Mgeni na Chakula katika Nchi ya Songea

Wangoni, ambao wazee wao walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na ambao baada ya safari ndefu walistakiri mashariki ya Ziwa Nyasa, waliijua thamani ya nafaka kwa msiba mkubwa. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, Wajerumani walioitawala nchi hawakutosheka na bunduki, bali waliteketeza mashamba na maghala kwa makusudi, hata njaa ikafisha roho nyingi kuliko risasi. Na tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga wakuu wengi wa Kingoni. Mwaka huohuo alinyongwa pia Nduna Songea Mbano, ambaye mji wa Songea una jina lake.

Kwa sababu hiyo nilihuzunika sana, tulipotoka na ahali yangu na watoto katika makumbusho ya vita hivyo, tukaingia mkahawa mmoja uliopambwa kwa ajili ya watalii, tukangoja hata alasiri, kisha tukaletewa chipsi baridi na kuku mkavu kwa thamani ghali, tukaambiwa kwamba ugali haupikwi, maana wageni hawautaki. Nani aliyewauliza wageni? Mkoa huu wa Ruvuma ni katika mikoa inayolisha Tanzania nzima kwa mahindi, na ziwani hutoka mbasa na dagaa wa kusifika.

Enyi wenye mikahawa ya Songea, mpikieni mgeni ugali wa mahindi yenu, kwa maharage na samaki wa Nyasa, nanyi mpakulieni ungali moto.