Gitaa la Jazi Baada ya Umeme

Gitaa la jazi lilitokana na shida ya kusikika. Katika bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1920 mpiga gitaa alizungukwa na tarumbeta na ngoma, na mlio wake ukamezwa. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson, iliyokuwa na mbunifu Lloyd Loar, ikatoa L-5, gitaa lenye kifua kilichochongwa kwa mbinuko kama fidla na matundu mawili ya umbo la herufi f. Kwa hiyo kiwanda ndicho kilichofungua njia. John D'Angelico, aliyefundwa tangu utotoni na ndugu wa babu yake aliyekuwa fundi wa fidla na mandolini, alifungua karakana yake New York mwaka 1932, na magitaa yake ya mwanzo yaliiga L-5. Alichoongeza kilikuwa mkono. Ubao wa kifua huchongwa kwa patasi na randa ndogo, ukaachwa mnene katikati na kupunguzwa kuelekea ukingoni, huku fundi akiugonga na kuusikiliza. Kiwanda hulazimika kuchagua unene utakaofaa mbao zote. Fundi huacha kuchonga pale ubao huu mmoja unapoitika vizuri.

Mwaka 1936 Gibson ikaleta gitaa la umeme, ES-150, na miaka mitatu baadaye mpiga gitaa Charlie Christian akalipiga katika kundi la Benny Goodman. Shida ya kusikika ikawa imekwisha. Wengi husema ufundi wa mkono nao ulikwisha hapo, ukabaki pambo. Hoja hiyo ina uzito: D'Angelico mwenyewe alifunga vinasa sauti vya umeme kwenye magitaa, na katika baadhi ya magitaa yake ya umeme alitumia miili ya mbao za tabaka iliyonunuliwa kwingine. Lakini mtazame mwanafunzi wake, Jimmy D'Aquisto, aliyeendeleza kazi baada ya mwalimu kufariki mwaka 1964. Aliondoa kishikilia nyuzi cha chuma, akaweka cha mbao nyeusi, akapunguza urembo, na miaka yake ya mwisho akayaacha hata matundu ya herufi f, akafungua mapana zaidi. Hakuna hata moja kati ya mabadiliko hayo lililodaiwa na ukumbi wenye kelele. Naamini amplifaya ndiyo iliyompa nafasi hiyo: ilipobeba jukumu la ukubwa wa sauti, fundi akabaki na swali la utamu wake, swali ambalo D'Angelico hakuwahi kuwa na nafasi ya kuliuliza peke yake.

Wapo watakaojibu kwamba wanaoyafaidi magitaa haya leo ni matajiri wanaoyakusanya. Bei zake ni za kutisha kweli, na inaumiza kuona chombo cha kupigwa kikifungiwa kabatini. Hata hivyo bei hizo zilikuja baadaye. Vitabu vya kumbukumbu vya D'Angelico viliorodhesha magitaa 1,164, na mengi yalitengenezwa kwa ajili ya watu waliokula kwa kuyapiga.