Homa ya Nguruwe: Kwa Nini Chanjo Iliyopo Duniani Bado Haijafika Mabanda ya Runzewe

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, mwezi Juni 2025, inahusu ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Nguruwe hawamo. Mfugaji wa Runzewe, wilayani Bukombe, mkoani Geita, anaweza kuona kwamba amesahaulika, hasa akisikia kuwa nchi nyingine tayari zinachanja nguruwe dhidi ya homa inayomaliza banda zima kwa siku chache. Sababu iko kwenye kirusi chenyewe: chanjo zilizopo zimetengenezwa kwa kirusi cha kundi moja, ilhali Tanzania ina makundi kadhaa.

Kwanza ni vyema kutenganisha magonjwa mawili ambayo majina yake huchanganywa. Mafua ya nguruwe, yaliyozungumzwa sana mwaka 2009, husababishwa na virusi vya influenza, na baadhi ya virusi hivyo huweza kuambukiza binadamu. Homa ya nguruwe ya Afrika ni ugonjwa mwingine kabisa. Haimpati binadamu, lakini huweza kuua hadi nguruwe wote walioambukizwa. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo haina tiba.

Hata hivyo, mafua yanatoa somo kuhusu chanjo. Huko Marekani na Ulaya, nguruwe huchanjwa dhidi ya mafua ya aina za H1N1, H1N2 na H3N2, na wataalamu hulazimika kulinganisha mara kwa mara virusi vilivyomo kwenye chanjo na vile vinavyozunguka mashambani. Tofauti ikiwa kubwa, kinga hupungua. Majaribio yameonesha pia kwamba nguruwe aliyepewa chanjo ya virusi vilivyouawa, kisha akapata kirusi cha mafua kisichofanana na chanjo hiyo, anaweza kuugua mapafu vibaya kuliko ambaye hakuchanjwa kabisa.

Kwa homa ya nguruwe, kazi ya kulinganisha ni ngumu zaidi. Kirusi chake ni kikubwa, chenye vinasaba zaidi ya 150, na kwa mgawanyo uliozoeleka kina makundi 24, yote yakipatikana barani Afrika. Kundi la II ndilo lililoingia Georgia mwaka 2007, likaenea Ulaya na kufika China mwaka 2018. Kwa kuwa ndilo lililotikisa masoko makubwa ya dunia, ndilo pia lililotengenezewa chanjo. Vietnam iliidhinisha chanjo ya kwanza Juni 2022, ikasitisha matumizi yake kwa muda mwezi Agosti mwaka huo baada ya nguruwe waliochanjwa kufa, na mwaka 2023 ikaruhusu chanjo mbili kutumika nchi nzima. Zote mbili zimetokana na kirusi cha kundi la II kilichodhoofishwa.

Tanzania ina hali tofauti. Makundi ya XV na XVI yalitambuliwa kutokana na sampuli za hapa nchini za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kundi la II lilibainika Kyela, mkoani Mbeya, mwishoni mwa mwaka 2010. Sampuli za miaka ya 2015 hadi 2017 zilionesha makundi ya II, IX na X. Kundi la IX ndilo lililozoeleka Kenya na Uganda, na mlipuko wa Burundi wa mwaka 2018 ulitokana na kundi la X.

Hapo ndipo jiografia ya Runzewe inapohusika. Mji huo uko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Nyakanazi, kisha Rusumo na Kabanga, mipakani mwa Rwanda na Burundi. Kirusi hudumu kwenye nyama mbichi na iliyogandishwa, hivyo hahitajiki nguruwe hai ili kukisafirisha. Makombo ya chakula yanayotupwa njiani yanatosha. Aidha, mapori ya ukanda huo ni makazi ya ngiri, ambao hubeba kirusi bila kuugua, na papasi wa kwenye mashimo yao hukisambaza.

Tofauti hata ndogo kuliko hizi zimeonekana kuleta madhara. Nchini China, virusi vilivyochanganya vinasaba vya kundi la I na la II vilishinda kinga ya chanjo ya majaribio iliyotokana na kundi la II. Kwa chanjo hai kuna hatari nyingine: kirusi chake kinaweza kuchanganyika na kirusi cha mitaani. Kwa hiyo, chupa yoyote inayouzwa kiholela mnadani kwa jina la chanjo ya homa ya nguruwe haipaswi kununuliwa.

Mei 2025 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha viwango vya kimataifa vya chanjo za ugonjwa huu. Jijini Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) inatafiti chanjo inayotokana na kundi la IX. Utafiti huo una maana kubwa zaidi kwa Kanda ya Ziwa kuliko chanjo za Vietnam, ingawa haujafikia hatua ya kumnufaisha mfugaji.

Kwa sasa kinga iko bandani: kuchemsha makombo kabla ya kulisha, kuzuia nguruwe kuzurura, na kutoazimana madume. Nguruwe akipata homa kali, akakataa kula, masikio na tumbo vikawa vyekundu au zambarau, taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo wa kata. Wengi hukimbilia kuchinja na kuuza ili kuokoa walau mtaji. Uharaka huo unaeleweka, lakini nyama hiyo ndiyo hupeleka ugonjwa kijiji kinachofuata, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa Serikali mamlaka ya kuweka karantini.

Taarifa ya mapema ina faida nyingine isiyozungumzwa sana. Sampuli ikichukuliwa na kufikishwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye kituo Mwanza, inaweza kuthibitisha ugonjwa na pia kuchunguzwa zaidi ili kujua kirusi ni cha kundi gani. Bila sampuli hizo, siku chanjo itakapopatikana hakutakuwa na njia ya kujua kama inafaa Bukombe.