El Adde miaka 10 baadaye: Waliotuma wanajeshi ndio waliotaka warudi

Januari 15, 2026 ilitimia miaka 10 tangu al-Shabaab waivamie kambi ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ya El Adde, eneo la Gedo, Somalia. Serikali ya Kenya haikutangaza waliouawa walikuwa wangapi. CNN ilitaja wasiopungua 141. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia akasema karibu 200.

Machungu kama hayo yanaeleweka Ukambani, ambako jeshi si jambo geni. Wakamba walijaa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), wakapigana Burma, na batalioni ya tatu ya Kenya ikapelekwa Malaya 1952, ikarudishwa mwaka uliofuata huku nyumbani Mau Mau imepamba moto. Hadi leo KDF ikiandikisha makurutu, viwanja vya Kitui na Makueni hufurika vijana wenye bahasha za kaki, wakikaguliwa meno na nyayo.

Oktoba 2011 ikaja Operesheni Linda Nchi, KDF ikavuka mpaka kuwasaka al-Shabaab Somalia. Mwaka uliofuata Kismayu ikatekwa, na vikosi vyetu vikaingizwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia.

Halafu siasa ikaleta vituko vyake. Saba Saba (Julai 7) ya 2014, CORD, muungano wa upinzani uliokuwa na kura za Ukambani mfukoni, ilikutana Uhuru Park na kuazimia, pamoja na mengine, kwamba wanajeshi watoke Somalia. Vinara wake? Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na Moses Wetang'ula. Jeshi lilipovuka mpaka, Raila alikuwa Waziri Mkuu, Kalonzo, mwana wa Tseikuru, Makamu wa Rais, na Wetang'ula Waziri wa Mambo ya Nje! Tena Kalonzo huyohuyo ndiye aliyeshika wizara hiyo 2003, Wasomali walipokuwa wakisaka amani kwenye mazungumzo ya Mbagathi, Nairobi.

Hoja yao haikuwa ya bure. Al-Shabaab walishambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, na mji wa Mpeketoni, Lamu, ukashambuliwa wiki tatu tu kabla ya mkutano. Ila anayedai watoto wa watu warudishwe angeanza kwa kukiri kwamba alikuwamo walipopelekwa.

Ratiba ya kuondoka ilipopatikana, ilikuwa ya Umoja wa Afrika. ATMIS, kikosi kilichorithi AMISOM, ilipunguza askari 2,000 kufikia Juni 2023. Awamu iliyofuata, ya 3,000, ikasogezwa mbele kwa ombi la Somalia yenyewe. Mwisho wa 2024 ATMIS ikafungwa na kesho yake kikosi kipya, AUSSOM, kikaanza. Burundi ikatoka, Misri ikaingia kwenye orodha ya nchi za kutoa askari, Kenya ikabaki.