Mtupo wa kutoka chini

Waambieni vijana wenu wachezao basketi watupe mpira kutoka chini kwa mikono miwili. Watacheka. Watasema, hiyo ni namna ya watoto. Basi tuwasimulieni habari za mtu mrefu kama jitu aliyeogopa kicheko hicho.

Mwezi wa Desemba 1891, mwalimu James Naismith wa Springfield, Marekani, alitundika vikapu viwili vya matunda katika nyumba ya mazoezi, futi 10 juu, yaani mita 3.05. Urefu huo haukubadilika hata leo. Siku zile walitupa kwa mikono miwili, wengine kutoka kifuani, wengine kutoka chini, wala hawakuona haya. Baadaye ndipo watu walipozoea mkono mmoja, mpira ukiwa juu ya kichwa, mkono wa pili ukiutegemeza tu.

Wilt Chamberlain alikuwa na mita 2.16. Karibu na kikapu, nani angemzuia? Lakini mchezaji akifanyiwa kosa hupewa mtupo huru: husimama peke yake, futi 15 mbele ya ubao, wala hakuna wa kumzuia. Hapo jitu lilishindwa. Katika msimu wa 1961-62 akatupa kutoka chini. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, alipata pointi 100 katika mchezo mmoja; katika mitupo huru 32 aliingiza 28.

Namna yenyewe si ngumu. Mtu hushika mpira kwa pande mbili, hukunja magoti, mikono ikining’inia katikati yake; kisha huinua yote pamoja, polepole, na kugeuza viganja juu. Mpira hupanda ukizunguka kinyumenyume, ukashuka laini. Hata ukigusa chuma hauruki kwa nguvu.

Naye akaiacha! Katika msimu wa 1967-68 aliingiza 38 tu kwa kila 100. Katika kitabu chake cha 1973 alikiri kwamba alijiona mjinga kutupa vile, ingawa alijua kuwa anakosea.

Rick Barry naye aliona haya alipokuwa kijana, kwa sababu wasichana ndio waliotupa hivyo. Baba yake alimshikilia mpaka akakubali. Alipoacha mchezo mwaka 1980, alikuwa ameingiza karibu 90 kwa kila 100. Mwanawe Canyon alitupa vilevile alipochezea Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2017.