Pima: Kipimo cha kina kilichozaliwa mikononi mwa baharia

MAJUZI nikisahihisha zoezi la tafsiri, sentensi moja ilinifanya niweke kalamu chini. Matini ya Kiingereza ilisema kuwa jahazi lilitia nanga penye kina cha fathom 5. Mwanafunzi akaandika ‘futi 5’.

Hebu tazama hatari yake. Futi 5 ni mita moja na nusu hivi, maji ya kumfika mtu mzima shingoni. Fathom 5 ni zaidi ya mita 9. Nahodha akiifuata tafsiri hiyo, chombo chenye shehena kitakwama mchangani! Nilipouliza darasani, mmoja akajitetea: “Mwalimu, si Kiswahili hakina neno la hiyo kitu?”

Neno lipo, nalo ni pima.

Wengi wetu tunalijua kama kitenzi tu: kupima damu, kupima shamba, kupima uzani. Kama nomino, pima ni urefu kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili, mtu akiwa ameinyosha mikono yake kulia na kushoto. Urefu huo ni kama futi 6, yaani mita 1.83. Katika hesabu ya jadi, shibri 2 ni mkono 1, ambao pia huitwa dhiraa, na mikono 4 ni pima 1. Tusilichanganye neno hili na pimamaji ya fundi wa nyumba. Chombo hicho huonyesha kama ukuta au sakafu imelala sawa. Hakina habari na kina.

Lakini kwa nini kina cha maji kipimwe kwa mikono iliyonyoshwa? Jibu limo katika kazi yenyewe. Baharia alitupa bildi, yaani kamba iliyofungwa kipande kizito cha risasi. Bildi ilipogonga chini, aliivuta kamba huku akiinyosha mikono yake miwili. Kila alipotanua mikono, alihesabu pima moja. Hakuhitaji rula wala fimbo. Mwili wake ulikuwa kipimo tosha. Tena alilazimika kupima mara kwa mara, kwani kina cha mlango uleule hubadilika maji yanapopwa na yanapojaa.

Na kwa kuwa upana wa mikono ya mtu hukaribiana na kimo chake, maji ya pima moja ni maji ya kumfunika mtu aliyesimama. Neno lenyewe lilikuwa onyo.

Sasa tuje kwenye asili. Kuna dhana kwamba msamiati wote wa bahari tuliletewa na wageni. Ni kweli kwamba nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi, na kwamba rubani, bildi, shibri na dhiraa yametoka Kiarabu. Pima si miongoni mwao. Mzizi -pim- wanaisimu huurejesha kwa Mame-Bantu, na hata Wachewa wa Malawi, walio mbali na bahari, husema kupima. Mkono nao ni wetu. Kitenzi kupwa ndicho kilichotupa pwani, na Kilindini, bandari kuu ya Mombasa, ni mahali penye kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Watu waliopapa mahali jina hilo walijua kupima maji yao.

Wapo watakaodai kuwa pima ni tafsiri tu ya fikra ya kigeni, kwa kuwa Waarabu wana baa, Wafaransa wana brasse, na fathom yenyewe ilianza kwa maana ya mikono iliyonyoshwa. Hata Kiyunani cha Matendo ya Mitume 27, pale mabaharia wa meli ya Paulo walipopata pima 20 na kisha 15, kinatumia orguia, neno la maana hiyo hiyo. Kufanana huko hakuthibitishi kukopa. Binadamu wote wana mikono miwili, na kamba huvutwa vivyo hivyo kila mahali.

Basi, mfasiri akikutana na fathom, aandike pima, kisha akipenda aongeze mita kumsaidia msomaji. Mwalimu naye, anapofundisha uundaji wa nomino kutokana na vitenzi, asiishie kwenye kipimo na mpimaji. Aongeze pima. Kisha awaambie wanafunzi wasimame na kunyosha mikono: kipimo wanacho tayari.