Magaga na Mizigo ya Kariakoo

Kazi yangu ni kusugua miguu, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo: beseni, jiwe, wembe na chupa za rangi ya kucha. Kisigino kikishalowana, magaga yanavimba na kuwa meupe. Nikikwangua yanadondoka kama unga, na damu haitoki, maana ngozi hiyo imekwisha kufa. Chembe za ngozi huzaliwa chini, zikasukumwa juu na zinazofuata. Njiani zinajaa protini iitwayo keratini, zinapoteza kiini na kuwa bapa, kisha mafuta yanazigandisha pamoja. Safari hiyo ni kama mwezi mzima. Panapobanwa na kusuguliwa kila siku, chembe huzaliwa kwa kasi, wafu wanarundikana juu. Ndiyo sugu.

Mama mmoja aliyeuza viazi shimoni, chini ya soko, aliniambia, "Mwanangu, toa yote." Nikamjibu, "Mama, nikitoa yote, kesho utakanyagia nini?"

Jina la eneo hili lilianza kwa mizigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, tukapata jina Kariakoo. Kabla ya hapo, Mnyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo alikuwa mzoefu. Frasila mbili, kilo 32 hivi, zililala kwenye bega lenye sugu ya miaka. Wapagazi wa vita wengi walikuwa wakulima waliokamatwa vijijini. Nyayo ngumu walikuwa nazo, viatu hawakuvijua. Begani je? Ngozi haiwi sugu kwa amri ya bwana mkubwa. Mzigo ukiijia ghafla, tabaka zinaachana, maji yanajaa katikati, lengelenge hilo. Likipasuka porini wakati wa masika, uchafu umepata mlango.

Hata nyayo zilikuwa na adui. Funza walivuka kutoka Amerika, wakafika Angola 1872, na karne ile haijaisha wakawa pwani kwetu.  Wanapenda zaidi pembeni mwa kucha na katikati ya vidole, palipo laini. Bado ninawakuta.

Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927, inawataja kwenye maandishi. Aliyesimamishwa juu ni askari na bunduki yake.